Mguu Usiokandwa

"Wewe unataka kutembea lini? Sasa, au ukiwa mzee?"

Daktari wa mifupa aliniuliza hivyo akiwa bado anaitazama picha ya eksirei, kana kwamba alikuwa akizungumza na mfupa wenyewe. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Chuoni nilijulikana, na kuchukiwa kidogo, kwa kuuliza maswali ambayo mhadhiri hakuyatarajia. Siku ile niliulizwa mimi.

Alinieleza kwa maneno machache. Kichwa cha mfupa wa paja langu la kulia kilikuwa kinakufa. Kilikuwa kimeanza kubonyea, kama kiazi kinachooza ndani huku ganda likiwa zima. Kwa sababu gani? "Wakati mwingine ni dawa ambazo mtu alitumia zamani. Wakati mwingine hatujui." Alisema hajui bila aibu yoyote, na hilo lilinitisha kuliko picha. Kilichowezekana ni kukikata kile kichwa na kuniwekea nyonga ya bandia. Lakini nyonga ya bandia huchakaa. Mzee inaweza kumtosha mpaka mwisho. Kijana ataimaliza, atarudi kupasuliwa tena, na mara ya pili huwa ngumu kuliko ya kwanza. Ningeweza kusubiri, ila kusubiri kulimaanisha kuchechemea ujana wangu wote ili nije nitembee vizuri nikiwa na mvi.

"Nenda ufikirie," alisema. "Lakini usikae sana."

Mama alikuwa ameketi kando yangu, mkoba mapajani. "Tutaomba," alisema, akasimama kabla yangu.

Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye ametoka kwenye chumba kama kile akiwa na bahasha kubwa ya eksirei mkononi. Mambo ya damu na mifupa utaelezwa na wanaoyajua. Gharama nazo unazijua, sina la kuongeza. Nitasema yale ambayo mimi sikuambiwa.

Maumivu yalianza na mvua za masika. Nilikuwa na kazi ya kuzunguka mashamba ya viazi huku kwetu Mweiga nikiwahoji wakulima, na mwanzoni nilidhani nimeteguka kinena nilipokuwa naruka mtaro. Yalikuja, yakaondoka, yakarudi na mizigo yake. Kufikia mwisho wa mvua sikuweza kuvaa soksi ya mguu wa kulia. Mama alinivalisha akiwa amepiga magoti, nami nilitazama ukutani. Paja lilikonda mpaka sketi ikawa inaning'inia upande mmoja. Kiatu cha kulia kilikwisha ncha, cha kushoto kikaisha kisigino. Asubuhi za baridi, ukungu wa milima ya Aberdare uliposhuka mpaka kwenye zizi, niliamka nikiwa nimekakamaa kama ngozi iliyosahauliwa juani, na nilikuwa nausikia mfupa ukisaga ninapojigeuza. Mama naye aliusikia, kutoka chumba cha pili.

Dawa ya kwanza ilikuwa Tata Wairimu, dada yake baba, ambaye boma lake limepakana na letu. Tata ni mkandaji. Watoto walioteguka, wanawake waliojifungua, wazee wenye viuno, wote hupitia mikononi mwake. Alikuja na beseni la maji ya moto yenye chumvi na kikopo cha mafuta ya kondoo, akanilaza kifudifudi.

"Tata, unakanda nini hasa?" nilimuuliza. "Mfupa wenyewe uko ndani kabisa."

"Wewe na hiyo shule yako. Mkono yangu iko na macho. Nyamaza."

"Sasa imeona nini?"

"Imeona msichana mwenye mdomo mrefu kuliko mguu."

Nilicheka nikiwa nalia. Na nikiri kwamba joto lile lilinisaidia kwa saa chache, hata kama silikubali kama tiba. Alinikanda msimu mzima. Mfupa uliendelea kufa.

Baba hufanya kazi Timau, kwenye shamba la ngano, anakoendesha mashine za kuvuna. Alikuwa akipiga simu Jumapili baada ya kanisa. "Mwambie daktari akate," alisema. "Beringi ya trekta ikiisha hatuiombei. Tunatoa, tunaweka ingine."

Mama alininyang'anya simu. "Mtoto si trekta, Baba Nyawira."

"Na wewe si mekanika."

Ndivyo ilivyokuwa miezi yote ile. Baba alisema kata, Mama alisema ngoja. Nilimuuliza tungoje nini. Alisema Mungu si mzembe. Nilimuuliza kwa nini basi tulimwita daktari wa mifugo ng'ombe wetu aliposhindwa kuzaa. Alitoka kwenda kukata majani ya ng'ombe. Tulikuwa tunaishi nyumba moja tukisalimiana kama wageni. Jioni mimi nilisoma kwenye simu kila nilichoweza kupata kuhusu watu waliopasuliwa nyonga: waliopona, waliooza kidonda, ambao kiungo kiliwachomoka wakiinama kufunga kamba za viatu. Kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kutojua.

Kliniki ya mifupa katika hospitali ya yule daktari, mjini Nyeri, ina mabenchi marefu. Mtu wa mbele akiitwa, wote mnasogea nafasi moja. Yeyote aliyebuni utaratibu huo hakuwahi kuumwa nyonga. Kila nilipojisogeza nilikuwa natokwa na jasho. Mwezi wa Julai, siku ya baridi kali, mwanamke mmoja mnene aliyejifunga leso kichwani alikataa kusogea.

"Mama, songa," walimwambia.

"Mimi nimekaa. Hiyo foleni ipite juu yangu."

Aliitwa Mama Mumbi. Alitoka Othaya, alikuwa na majani chai kwenye mteremko ambao alisema hata mbuzi huupanda akitubu. Magoti yake yote mawili yalikuwa yamekwisha kwa kupanda na kushuka na kikapu mgongoni. Binti yake, Mumbi, aliyelingana nami kwa umri, alikuwa akimshika mkono kila mahali.

"Na wewe msichana mdogo," alinigeukia, "huu ugonjwa wa wazee umeiba wapi?"

"Kwako, mami. Niliona uko na mbili."

Alicheka mpaka benchi likatikisika, na benchi lilipotikisika wote tuliokuwa juu yake tuliguna kwa maumivu, na hilo likamchekesha tena. Mama alicheka pia. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu masika. Walipeana namba za simu. Kuanzia siku hiyo Mama Mumbi na Mama walikuwa wakipigiana wakizungumza kuhusu maziwa na bonasi ya chai, nami nikichukua simu mwishoni ili tulinganishe maumivu.

Yeye hakuwa na mashaka. Goti moja lingebadilishwa wakati wa mvua za vuli, la pili mwaka ufuatao. "Kwani nikiogopa goti litapona?" aliniuliza. Lilikuwa swali zuri, na nilikasirika kwamba sikuwa nimejiuliza mwenyewe.

Siku chache baada ya kupasuliwa kwake, mimi na Mama tulikwenda kumtazama wadini. Tulimkuta kwenye korido akisukuma fremu ya chuma ya kutembelea, gauni la hospitali limefungwa nyuma kwa leso ili asiaibike, Mumbi nyuma yake kama askari. Uso ulikuwa wa kijivu na midomo imekauka. Alifika nilipokuwa nimeegemea ukuta, akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa na jasho la baridi.

"Unaumwa?" nilimuuliza.

"Sana. Lakini huu uchungu uko na mwisho. Ule mwingine haukuwa na mwisho."

Nilisoma mengi mwaka ule. Nilimjaza daktari maswali mpaka akaanza kunipangia nafasi ya mwisho kabisa ya siku. Lakini uamuzi niliufanya pale koridoni, kwa kumwona mwanamke mmoja akitembea. Wiki hiyo hiyo nilikubali kupasuliwa, nikapewa Jumatatu moja mwanzoni mwa Desemba.

Mama alikataa kuandamana nami. Alisema sitamfanya ashike mkoba wa kunipeleka kuchinjwa. Tulibishana mpaka Alhamisi ya wiki ya mwisho, kwa sauti ambazo Tata alizisikia kutoka kwake.

Ijumaa Mama aliondoka mapema, akiwa amevaa koti lake jeusi. Alisema ana mkutano wa akina mama wa kanisa. Alirudi jioni, mvua ikinyesha, akasimama kwenye tangi la maji akisugua viatu kwa muda mrefu kuliko viatu vinavyohitaji. Hakula. Aliketi mbele yangu, akautazama mguu wangu, si uso wangu.

"Jumatatu tutaamka mapema," alisema.

Basi. Sikuuliza. Niliona hoja zangu zimeshinda hatimaye, na aliyeshinda haulizi sana. Jumapili nilitaka kumpigia Mama Mumbi nimuulize sindano ya mgongoni inaumaje. Mama alisema nisimsumbue, Mumbi amemwambia simu ya mama yake haishiki. Nikaacha.

Wadini Mama alinishangaza. Mwanamke ambaye maisha yake yote humwambia daktari "ndiyo" na "asante" alimsimamisha muuguzi katikati ya kazi.

"Akirudi nyumbani," alimuuliza, "ni nini kinaweza kumuua?"

"Mama!" nilisema.

"Nyamaza. Sijakuuliza wewe."

Muuguzi alijaribu kutabasamu, kisha akaona si mzaha. Akamweleza: kidonda kutoa usaha, homa, kifua kubana, mguu kuvimba na kukaza, sindano za kuzuia damu kuganda ambazo hazifai kukosa hata siku moja. Mama alimfanya arudie habari ya mguu kuvimba. Kisha akamfanya arudie tena. Nilizika uso kwenye mto kwa haya.

Kuhusu thieta, yaani chumba cha upasuaji, nitasema jambo moja ambalo hakuna aliyeniambia. Ukichomwa sindano ya mgongoni unaweza kuwa macho. Huhisi uchungu, lakini unasikia. Nilisikia msumeno, halafu nyundo. Ni nyundo kweli, ya fundi anayegongea mlango, na mwili wako wote unasogea juu ya meza kwa kila pigo, bila kuuma. Nilitazama taa na kufikiri: hiki wanachokigonga hakitatoka tena isipokuwa kwa kisu kingine. Nilitaka kusema ngoja. Neno la Mama lilinijia mdomoni, na wakati wake ulikuwa umepita.

Kesho yake walinisimamisha. Mguu ulikuwa mzito kama wa mtu mwingine aliyelala. Lakini nilipoukanyagia, ule msago wa mfupa haukuwepo. Niliusubiri. Haukuja. Nililia mbele ya mtaalamu wa mazoezi, ambaye alinipa karatasi ya kupangusa na kuniambia nisiiname kuichukua ikianguka.

Kutoinama ndiko kupona kwenyewe. Hukai chini, huchuchumai, huvuki mguu mmoja juu ya mwingine, hulali utakavyo. Kwetu kila kitu kiko chini: vigoda vya jikoni, jiko, beseni la kuogea, choo cha shimo. Baba alikuja kutoka Timau akainua kitanda na kiti kimoja kwa vipande vya mbao, akatengeneza kiti cha choo chenye tundu, akakipiga randa mpaka kikawa laini kama kabati la bibi harusi. Alinionyesha bila kunitazama. Ukiwa unajiandaa kupasuliwa, andaa vitu hivi kabla, kwa sababu ukirudi hutakuwa na nguvu za kueleza. Na mgeni mzee akija, usimpishe kiti chako. Utaonekana huna adabu. Onekana.

Sindano Mama alinichoma mwenyewe, kila jioni, tumboni, midomo ikitembea. Wageni walikuja na uji na sala. Krismasi ilipita. Mvua za vuli zilikwisha, jua kali la mwaka mpya likakausha majani, na kutoka kwetu mlima wenye theluji ulionekana asubuhi mpaka miamba yake. Nilianza kuamini.

Halafu shavu la mguu uliopasuliwa lilianza kuvuta. Nilidhani ni mazoezi. Siku ya pili mguu ulikuwa umevimba, umekaza, ngozi inang'aa. Mama alikuwa akikamua ng'ombe. Tata Wairimu alipita kunijulia hali, akauona.

"Ngai! Hii mguu imejaa upepo. Na mko hapa mnaitazama?"

"Daktari alisema tusiguse," nilisema, lakini kwa sauti ndogo. Nilikuwa na uchungu, na nilikumbuka lile joto.

"Alisema kidonda. Kidonda si kiko huko juu? Mimi nataka huku chini tu." Alikuwa ameshachukua birika jikoni. Alimimina maji ya moto kwenye beseni, akatia chumvi, akapaka mafuta viganja. Alipoketi na kulishika shavu la mguu wangu, nilifumba macho. Nilitaka akande. Sitadanganya.

"Toa mikono!"

Mama alikuwa mlangoni. Ndoo ya maziwa ilianguka kwanza. Kisha alivuka chumba na kulipiga beseni teke, maji ya moto yakamwagika mpaka chini ya kitanda, na alimshika Tata kifundo cha mkono akamvuta mpaka akaanguka kutoka kwenye kigoda.

"Toa mikono, Wairimu! Usimguse! Usimguse mtoto wangu!"

Tata alikuwa sakafuni, viganja vyake vyenye mafuta viko hewani. Katika miaka yote, Mama hakuwahi kumwita wifi yake kwa jina hivi hivi, sembuse kumpigia kelele.

"Ni mimi nilimkanda akizaliwa," Tata alisema polepole. "Leo mikono yangu ni sumu?"

Mama alitoka nje akimwita jirani mwenye pikapu ya kubebea maziwa, na nilipelekwa Nyeri nikiwa nimelazwa nyuma kwenye godoro, Mama ameushikilia mguu usicheze, kama mtu aliyebeba yai.

Damu ilikuwa imeganda kwenye shavu la mguu. Daktari alipoona matokeo aliuliza jambo moja: "Kuna mtu ameukanda?"

"Hapana," Mama alisema.

Daktari alipumua. "Mshukuru Mungu. Ukikandwa, bonge la damu hupanda mpaka kifuani, na mtu hufa."

Nililazwa tena, nikaongezewa dawa. Kila pumzi iliyopita vizuri niliihesabu kuwa zawadi. Wakati mmoja nilimuuliza Mama amejuaje, maana alikuja mlangoni akiwa tayari na hofu ile, hakuwa na haja ya kufikiri.

"Nilijua tu."

"Hakuna mtu anayejua tu. Ni muuguzi?"

"Kula chakula yako, Nyawira."

Mvua za masika zilinikuta na gongo moja, zikaniacha bila gongo. Nilifika langoni, halafu dukani, halafu kanisani, ambako sikuwa nimeingia kwa muda mrefu na ambako nilikwenda kwa sababu kulikuwa mbali. Siku niliyovaa soksi mwenyewe, kwa kijiti cha kuvutia, Mama alisimama mlangoni akitazama kisha akaenda zake. Tata alikuwa hajavuka ua wetu tangu siku ile. Nilikuwa namsikia akiwakanda watoto wa watu upande wa pili, akiwaimbia. Nilimwambia Mama amwombe radhi. Alisema ataomba, lakini si bado. Nilimuuliza anangoja nini. Alichukua ndoo akaenda kukamua. Niliona ni ukaidi.

Mama Mumbi sikumpata. Namba yake ilikuwa imefungwa. Mama alisema labda amebadilisha laini, wazee hupoteza simu kila wakati. Niliamini. Nilikuwa na mguu mpya na maisha ya kurudia, na mtu akipona husahau benchi haraka sana.

Julai iliyofuata nilirudi kliniki kukaguliwa. Benchi lilikuwa lile lile, na watu walikuwa wakisogea. Mwishoni mwa benchi nilimwona Mumbi, amemleta mama mkwe wake mwenye mkono uliovunjika. Nilisimama nikamwendea, ili aone ninavyotembea.

"Mama hajambo?" nilimuuliza. "Goti la pili alifanya?"

Alinitazama kama mtu anayetafuta kujua kama ninamdhihaki.

"Si mama yako alikuambia?"

Alinieleza pale pale, kwa sauti ya chini, akiviringisha ncha ya leso. Walikuwa wamerudi nyumbani Othaya. Shavu la mguu lilivimba, mama yake akalia kwamba mguu umekaza, akaomba akandwe. Mumbi alichemsha maji. Alikanda vizuri, alisema, kama alivyofundishwa na nyanya yake, kutoka kifundo kwenda juu. Mama yake alisema asante, sasa nasikia vizuri, akajiinua aketi, akashika kifua.

Walimzika siku ya Ijumaa, mvua ikinyesha, kwenye mteremko wa chai. Mama yangu alikuwa amesimama kando ya Mumbi, amevaa koti jeusi, na Jumatatu iliyofuata ndiye aliyebeba mkoba wangu mpaka mlango wa thieta.